Sura ya Tisa: Bakuli la Bibi Funguo

Maelezo ya kukiri kosa yalikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Mkaguzi aliyaandika mwenyewe siku ya Jumanne, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyekwisha kushinda. Alhamisi saa mbili asubuhi aliyasoma tena. Hakuwa na shaka yoyote, alitaka tu kusahihisha herufi mbili tatu kabla jalada halijakwenda kwa mwendesha mashtaka saa sita. Alipofika mstari wa kumi na nne, kalamu ikasimama.

"Niliichukua miche yote ya madini ikiwa imefungwa kwenye karatasi zake, nikaitia kwenye mkoba," mtuhumiwa alikuwa amesema.

Juu ya meza hiyohiyo, upande wa kushoto, ulikuwepo mfuko wa vielelezo namba tatu. Ndani yake mlikuwa na karatasi nne za kaki zilizokutwa kwenye kabati, tupu.

Mkaguzi aliutazama mfuko, akautazama mstari. Kwa siku mbili vitu hivyo vililala kwenye meza moja kama mume na mke waliogombana, na yeye akapita hapo na kikombe chake cha chai bila kuona kitu. Aliona haya, peke yake ofisini, mpaka akageuka kuhakikisha mlango umefungwa.

"Koplo," aliita. "Mwizi akichukua kitu pamoja na karatasi yake, karatasi inabaki wapi?"

Koplo aliingia anatafuna. "Anaondoka nayo, Afande."

"Zetu zimebaki."

Koplo alimeza alichokuwa anatafuna. "Labda alichanganyikiwa. Mama wa watu ana miaka sitini na kitu."

"Hakuchanganyikiwa. Hajui karatasi zilibaki kwa sababu hakuchukua kitu. Chukua funguo za gari. Na lile bakuli."

Kesi ilionekana nyepesi tangu mwanzo, na pengine hapo ndipo penye kosa. Karakana ilikuwa inakusanya televisheni na kompyuta zilizokufa, inazipasua na kutoa humo kila kinachofaa. Shaba ilikuwa nyingi, fedha kidogo, dhahabu chembechembe. Lakini jicho la karakana lilikuwa kwenye kioo chenyewe. Ndani ya kila kioo cha skrini kuna utando wa madini yanayoitwa indiamu, mwembamba hata macho hayauoni, na bila huo picha haitokei. Wafanyakazi wanabandua plastiki, wanasaga kioo, wanakilowesha kwenye asidi, wanasubiri. Televisheni zaidi ya elfu kumi, mwaka mzima wa kukohoa vumbi, zilitoa miche minne tu, kila mmoja mdogo kama kipande cha sabuni ya hotelini, gramu mia moja na hamsini. Jumamosi mchana, wakati wa kufunga kazi, miche ilikuwemo kabatini. Jumatatu asubuhi mwenye karakana, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alifungua kabati akakuta karatasi. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zake zilikuwa mbili, moja yake Bosi, nyingine ya mama mtu mzima aliyetunza stoo, ambaye wafanyakazi walimwita Bibi Funguo.

Jumanne Mkaguzi aliumwaga mkoba wa Bibi Funguo juu ya meza ya kubandulia, mbele ya wafanyakazi kumi na mmoja. Kilitoka kitana, zikatoka dawa za presha, ikatoka nguo ya ndani iliyofuliwa na kukunjwa vizuri, na mwisho bakuli la bati lenye kifuniko. Kwenye bakuli palikuwa na matone matatu makubwa ya chuma cheupe kilichoganda. Mkaguzi aliliinua juu ili wote waone.

"Kumbe chakula chako kina madini, bibi," alisema. Mtu mmoja akacheka. Mkaguzi naye alitabasamu. Ndani ya gari, Alhamisi hiyo, alikumbuka vizuri kwamba alitabasamu.

Jioni hiyohiyo maabara ilisema matone yale ni indiamu. Bibi Funguo aliposikia, aliinamisha kichwa akasema, "Nimechukua mimi. Andika." Alipoulizwa ameipeleka wapi, alisema ameitupa. Mkaguzi aliandika.

---

Bosi aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi, shati limenyooshwa hata mikunjo ya pasi inaonekana, uso wa mtu asiyelala.

"Amekiri, Afande. Mnataka nini tena?"

"Nataka kuliona kabati."

"Mliliona Jumanne."

"Jumanne nilitazama ndani. Leo nataka kulitazama lenyewe."

Bosi alisogea pembeni, shingo upande. Walipita kwenye ukumbi wa kazi. Mashine ya kusagia vioo ilikuwa inanguruma, wafanyakazi wamefunga vitambaa puani, na kila aliyewaona polisi aliongeza bidii ghafla.

"Hujaniuliza hali yake," Mkaguzi alisema.

"Hali ya nani?"

"Ya mfanyakazi wako wa miaka minne. Analala sakafuni. Dawa zake za presha nilizishika mimi mpaka jana jioni."

Bosi alishika kola ya shati lake kama inambana. "Kuna mtu wa kumpelekea chakula?"

"Fomu yake ya ajira inasema hana ndugu. Uliijaza wewe."

"Basi hana," alisema Bosi, akaingia ofisini kwake.

Mkaguzi aliliweka jibu hilo moyoni, akaendelea. Njiani alikuwa amefikiria mtu mwingine. Kama Bibi Funguo hakuiba, basi yupo aliyefungua karatasi taratibu bila kuzichana, mtu mwenye mkono mtulivu anayeijua indiamu kama kiganja chake. Humo ndani mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja. Walimwita Fundi Asidi, na kidole chake cha shahada kilikuwa na bandeji.

"Kidole kimefanya nini?" Mkaguzi alimuuliza, wamesimama kando ya mapipa ya asidi.

"Kimeungua."

"Kwa sababu gani?"

"Ujinga, Afande. Nimefanya kazi hii miaka tisa na bado naonja moto kwa kidole."

"Jumamosi mchana, baada ya kufunga kazi, ulikuwa wapi?"

"Msibani kwa shemeji yangu. Waliniona watu mia, na watakwambia nilikula mara mbili."

Koplo aliandika hilo kwa uangalifu mkubwa.

"Ufunguo wa kabati umewahi kuushika?"

Fundi Asidi alivua glavu, akaziweka juu ya pipa. "Ngoja nikusaidie kazi. Mimi nikitaka kuiba hapa siibi miche. Naiba maji. Hilo pipa lina indiamu ndani yake ambayo hakuna mtu aliyeipima. Nikichota ndoo moja, nani atajua? Miche imepimwa, imeandikwa, imefungiwa. Mwizi mwenye akili wa humu ndani hafungui kufuli."

Mkaguzi alimtazama. Maneno hayo yalikuwa na mantiki kuliko ukurasa wake mmoja na nusu. Akampa Koplo ishara, na Koplo akatoa bakuli kwenye mfuko wake.

"Alikuwa anayeyusha humu," Mkaguzi alisema. "Ili aitoe vipande vipande."

Fundi Asidi alilipokea bakuli, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alifungua kifuniko, akachungulia, akanusa, akafunga.

"Nani kasema humu?"

"Mimi."

"Afande, humu ndani hamna chuma. Kimeungua chakula. Mtu amesugua na mchanga mpaka amechoka, weusi umegoma. Matone yako huku, juu ya kifuniko, kwa nje." Aligonga tone moja kwa ukucha. "Mtu anayeyusha vipi kitu juu ya kifuniko kilichobinuka? Haya yametoka juu. Yamedondoka."

Mkaguzi alilichukua bakuli. Alikuwa amelishika Jumanne, amelipiga picha pande nne, amelipeleka maabara. Matone yalikuwa palepale yalipo, nje ya kifuniko, na kila picha ilikuwa inasema hivyo.

"Inayeyuka kwa moto gani, indiamu?"

"Wa kuonea huruma." Fundi alitoa kwenye droo kipande kidogo kama kifungo cha shati. Kwanza alikikunja karibu na sikio la Mkaguzi, na chuma kikatoa sauti nyembamba ya kukwaruza, kama mtu anayetafuna chumvi ya mawe. "Inalia," alisema. Kisha akakiweka juu ya kifuniko cha kopo pamoja na tone la mafuta ya mashine, akawasha jiko la umeme. Mafuta hayajaanza kutoa moshi, kifungo kikalegea, kikawa tone linalong'aa, likakimbia upande ulioinama na kutafuta pa kutokea.

"Umeona? Ni chuma chenye haya. Ukikipasha kidogo tu, kinajimwaga."

Koplo alicheka. Mkaguzi aligeuza kichwa polepole kuelekea ukutani, palipokuwa na kabati la kijivu, mlango mzito, pete mbili za kufuli.

"Lile kabati," alisema. "Kabla ya kuwa kabati lilikuwa nini?"

"Tanuri la kukaushia. Sefu iliharibika kitasa wiki tatu zilizopita, Bosi akasema tutumie hilo kwa muda kwa kuwa mlango wake hauna mchezo. Basi wote tukaanza kuliita kabati."

Wote, na polisi pia. Mkaguzi aliyakumbuka maneno yake mwenyewe kwenye ripoti: kabati la chuma, rangi ya kijivu, lenye kufuli. Hakuuliza kwa nini kabati lina waya nyuma. Hakuuliza kwa nini lina kishikizo cha kuzungusha chini ya mlango, ambacho namba zake zilikuwa zimefutika. Jumanne yote, wakati wanapekua, Koplo alikuwa ametundika kofia yake pale. Na leo, alipoingia, alikuwa ameitundika palepale.

Koplo aliifuata kofia yake, akaitungua taratibu kama anatoa kitu mdomoni mwa mbwa. "Nilidhani ni cha kutundikia, Afande."

"Na mimi nilidhani hivyohivyo. Angalia waya."

Koplo alipiga magoti, akaingiza kichwa nyuma ya tanuri. "Umechomekwa."

"Sisi tuliuchomoa," alisema Fundi Asidi. "Niliuchomoa mimi mwenyewe."

Mkaguzi alimwita Bosi aje na ufunguo, akamtaka ashuhudie kila hatua. Rafu ya juu ilikuwa ya waya, yenye matundu ya kupita kidole. Hapo ndipo karatasi zilipokutwa. Alizitoa kwenye mfuko namba tatu, akaziangalia upande wa chini kwa mara ya kwanza. Zilikuwa na madoa ya kahawia ambayo Jumanne alidhani ni chai, na kwenye kila kunjo kulikuwa na upenyo. Rafu ya chini ilikuwa tupu, lakini katikati yake palikuwa na duara la masizi. Mkaguzi aliweka bakuli juu ya duara. Likakaa sawasawa.

"Toa sakafu yake," alimwambia Fundi.

Zilikuwa skrubu nane. Bati la chini, lenye matundu ya hewa, lilipoinuka, ikaonekana sufi ya kuzuia joto, ya njano, na katikati ya sufi kidimbwi cha chuma cheupe kilichoganda, kimeshika umbo la kila kishimo kilichopitia. Fundi alikitoa kwa mikono miwili, akakiweka kwenye mizani. Gramu mia tano themanini na nane. Yale matone ya kwenye kifuniko, kwa mujibu wa maabara, yalikuwa gramu kumi na moja.

"Imepungua moja," alisema Koplo.

"Hiyo moja iko kwenye sufi. Nitaikamua," alisema Fundi.

Bosi alikuwa amekitazama kile kidimbwi muda mrefu. "Kwa hiyo hakuna aliyeiba."

"Hakuna," Mkaguzi alisema. "Ila yupo aliyechomeka waya. Mtu mwenye ufunguo, mwenye njaa, siku karakana imefungwa. Stoo iko wapi?"

"Stoo haina kitu. Ni maskrini tu."

"Nionyeshe hayo maskrini."

---

Stoo ilikuwa na skrini zilizosimamishwa safu safu mpaka karibu na dari, na kati ya safu ya mwisho na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Mkaguzi alipita. Nyuma yake kulikuwa na chumba ambacho hakuna mtu aliyekijenga. Maboksi yamekunjuliwa sakafuni, juu yake mapande ya povu la kufungashia televisheni, juu ya povu shuka lililotandikwa bila kunjo. Kamba imefungwa kutoka msumari hadi msumari, ina kanga moja na taulo, vyote vikavu. Ndoo ina kifuniko. Mswaki ulikuwa kwenye glasi, na hapo kwenye povu, upande wa ukutani, kulikuwa na mto wenye foronya ya maua yaliyotariziwa kwa mkono.

Bosi aliingia nyuma yake. Alipouona mto alisimama.

"Unaujua?" Mkaguzi aliuliza.

"Ni wa nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu. Alitarizi mwenyewe, nilipooa."

"Bibi Funguo ni nani yako?"

Mashine ya kusagia ilikuwa inasikika kupitia ukutani. Bosi aliusogelea mto, akataka kuuokota, akauacha.

"Ni mama yangu."

"Sema yote, niandike."

"Mama yangu mzazi. Nilipoanza, wabia wangu walitaka ufunguo wa pili ushikwe na mtu asiye ndugu yangu. Mimi simwamini mtu. Nikamleta yeye, nikaandika hana ndugu. Nikamwambia akiwa kazini aniite Bosi. Ilikuwa iwe kwa mwezi mmoja, wabia wakishazoea nitawaambia." Aliutazama mto. "Ikawa miaka minne. Nikazoea mimi."

"Na huku amefikaje?"

"Tulihama nyumba. Mpya ina vyumba viwili, watoto wamekua. Mke wangu hakusema kitu, ila alikuwa hasemi kwa namna ambayo unaisikia. Nikamwambia mama atafute chumba jirani, nitakigharamia. Baada ya wiki akasema amepata."

"Wapi?"

"Sikuuliza."

"Miezi mingapi hukuuliza?"

"Minne."

"Kwa nini?"

Bosi alitazama ndoo, kamba, mswaki. "Ningeuliza ningejua, Afande."

Mkaguzi aliandika hilo kama lilivyo. Hakupenda kumtazama usoni, na hakuwa na haki ya kumdharau, kwa sababu naye aliliona bakuli lile na hakuuliza.

"Jumanne ulisaini malalamiko mbele yake."

"Funguo ni mbili, watu ni wawili. Mimi nilijua sikuchukua." Sauti yake ilianza kukatika. "Niliona aibu. Nilisema moyoni, mama yangu ni mwizi, na mimi ndiye niliyemweka. Nikataka iishe haraka, watu wasijue ni nani yangu."

"Na yeye alijua hakuchukua."

Bosi hakuelewa mara moja. Mkaguzi alisubiri. Aliona uso wake ukishuka polepole alipofika mwisho wa hesabu ile ndogo: funguo mbili, watu wawili, na mmoja wao amekaa mbele ya polisi akisema andika. Akakaa juu ya ukingo wa skrini moja, kioo kikapasuka chini yake, wala hakushtuka.

---

Saa tano na nusu Mkaguzi alilisimamisha jalada mikononi mwa karani aliyekuwa tayari anavaa koti. Kisha akateremka mahabusu. Bibi Funguo alikuwa ameketi kwenye kona, mgongo umenyooka, kiatu kimoja kimewekwa sambamba na kingine.

"Indiamu imeonekana," Mkaguzi alimwambia.

Mama yule alisimama kwa kuushika ukuta. "Imeonekana kwa nani? Mmemkamata?"

"Nani?"

"Huyo mliyemkuta nayo." Alifunga mdomo, akajirekebisha. "Nilisema nimechukua mimi. Kama kuna mtu anasema vingine, anadanganya. Mwanangu, andika tena, nitasema vizuri zaidi."

"Hakuna mwizi, mama. Hajaiba yeyote. Wala Bosi." Mkaguzi aliona mabega yale yakilegea mara moja, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. "Iliyeyuka. Karakana ilipofungwa uliweka bakuli kwenye tanuri."

Hakukataa. Alipozungumza, alizungumza na sakafu.

"Jumamosi umeme haukuwepo. Nilitia bakuli, nikachomeka waya, nikazungusha kile kidude mpaka mwisho ili ukirudi chakula kipate moto upesi, nikafunga, nikaenda kupanga foleni ya maji. Foleni ikawa ndefu. Nilivyorudi nasikia harufu mlangoni. Nikavuta bakuli kwa taulo, moshi umejaa, nikakirudisha kidude, sikutazama juu wala chini. Nikafunga. Nikasugua lile bakuli mpaka kucha zikauma." Akaviangalia vidole vyake. "Chuma, mwanangu. Nani atadhani chuma kitayeyuka kwa chakula cha mtu mmoja?"

"Kwa nini hukuniambia Jumanne?"

"Ungeniuliza napasha chakula karakanani kwa nini. Ningekwambia nalala pale. Ungeniuliza kwa nini nalala pale." Alivaa kiatu cha kwanza. "Kwa wizi anaaibika mtu mmoja tu. Hilo lingine lingetuaibisha wawili."

Mkaguzi alikuwa na maneno aliyoyapanga ngazini, maneno ya kiofisi, yenye neno utaratibu mara mbili. Aliyaacha. "Nilikosa, mama. Nilikutolea nguo zako mbele ya watu, nikakufanyia mzaha. Nakuomba radhi. Na pale nilipokuumbua ndipo nitakapokusafisha, twende."

"Utawaambia nalala stoo?"

"Sitawaambia."

"Haya." Alivaa kiatu cha pili. "Na bakuli langu?"

"Ni kielelezo. Litabaki kwa muda."

"Lilikuwa la chakula tu," alisema Bibi Funguo.

---

Mashine ya kusagia ilizimwa. Wafanyakazi kumi na mmoja walishusha vitambaa vyao puani, wakakusanyika karibu na meza ileile ya kubandulia. Bibi Funguo alisimama nyuma ya Mkaguzi, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Bosi alisimama mlangoni mwa ofisi yake, shati limechafuka vumbi la stoo, na hakulikung'uta.

Mkaguzi alizungumza kwa kifupi. Alisema miche haikuibwa. Alisema lile wanaloliita kabati ni tanuri, kwamba Jumamosi lilipata moto, na chuma kikatiririkia chini ambako yeye, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, hakutazama. Alisema Jumanne alimshika mama huyu pasipo sababu na kumvunjia heshima mbele yao, na kwamba aliyecheka asijilaumu, kwa kuwa aliyeanza ni yeye. Masikio yalikuwa yanamwaka. Hakuna aliyemsaidia kwa kukohoa.

"Pole, Bibi Funguo," alisema Fundi Asidi, na wengine wakafuata, pole, pole, kila mtu na kitambaa chake mkononi. Yeye akaitikia kila moja kwa kichwa.

Kisha mwanamke mmoja wa pale mezani, ambaye hakuwa na nia yoyote mbaya, akauliza: "Sasa Jumamosi tulikuwa tumefunga. Tanuri aliliwasha nani?"

Mkaguzi hakujibu, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Aliona vidole vya Bibi Funguo vikikaza kwenye mkoba. Aliona macho yakianza kuzunguka, kutoka kwa Fundi hadi kwa Koplo, kutoka kwa Koplo hadi kwa Bosi.

Bosi aliondoka mlangoni. Alitembea kati ya wafanyakazi wake mpaka katikati ya ukumbi, akasimama mbele ya meza. 

"Mama," aliita.

Haikuwa sauti kubwa. Mwendesha mashine ya kusagia aligeuka kutazama mlango wa nje, akidhani kuna mgeni ameingia.

"Abee, Bosi," akaitikia Bibi Funguo.

Aliitikia upesi, macho chini, kama alivyofundishwa, na mwanawe akabaki amesimama mbele ya watu wote, hana pa kuuweka uso.